Bima ya Flashi

Mtaani kwetu mpiga picha ni mmoja, na jina lake la kuzaliwa wengi hatulijui. Tunamwita Flashi. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kimepakana na chumba anachoishi na mama yake, ukuta wa mbao tu kati yetu, kwa hiyo ya kwao nayasikia hata nisipotega sikio.

Flashi alikuwa na kamera mbili na lenzi zake. Kila jioni alizifuta kwa kitambaa laini huku akizisemesha. Nilizoea kumtania, "Ungekuwa na mke, wivu ungemuua." Harusi, mahafali, mazishi, aliyeitwa ni yeye. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, na ndiyo iliyomnunulia mama dawa za macho.

Akaja wakala wa bima, kijana wa maneno matamu. Akasema bima ya vifaa vya biashara ni ghali, ila ya vifaa binafsi, vya mtu anayepiga picha kujifurahisha, ni nafuu.

"Wewe sema unapiga kwa mapenzi yako tu, kaka. Nani atakufuatilia?"

Flashi akatia saini. Nilimwambia njia ya mkato itamtokea puani, akanicheka. Akawa analipa bila kukosa, hata miezi ambayo wao wenyewe walilala njaa.

Siku aliyompeleka mama hospitali ya macho, mimi nilikuwa msibani na kibanda kimefungwa. Wezi wakavunja kitasa cha chumba chao. Redio hawakuigusa, godoro hawakuligusa, wakabeba mkoba wa kamera na kila kilichokuwamo. Niliporudi nilimkuta Flashi amekaa kizingitini.

"Pole, ndugu yangu."

"Si nina bima?" akanijibu.

Mkaguzi wa bima alikuja Flashi akiwa kituo cha polisi kufuatilia ripoti. Mama akampa kiti na chai. Mimi nilikuwa namnyoa mteja, nikazima mashine nisikilize.

"Mwanao anapenda sana kupiga picha, mama?"

"Kupenda? Baba, hiyo ndiyo kazi yake! Huyu si wale wa kuchezea. Harusi zote za hapa ni yeye, na mbali huko wanampigia simu. Tazama ukutani. Yule bibi harusi ni wa juzi tu. Yule mwalimu mkuu. Wote wamemlipa, uliza mtu yeyote!"

Mkaguzi akaomba kwa upole apige ukuta ule picha kwa simu yake.

"Piga, baba. Piga zote."

Nilitoka mbio na mashine mkononi, mteja nimemwacha nusu kipara. Nikamkuta mkaguzi anaaga. Ningesema nini, kwamba mama wa watu ni mwongo? Nikabaki mlangoni, nina hasira na kila mtu, na wakala yule ndiye ningemnyoa shingo.

Mama alikuwa na furaha tele. "Nimemsaidia mwanangu. Wangemdhania mhuni tu wangempuuza. Sasa wamejua ni mtu wa kazi." Nilikosa pa kuuweka uso.

Jibu likaja: hakuna fidia, kwa kuwa alidanganya kuhusu matumizi. Wakala akawa hapokei simu. Flashi alikuja kunieleza kibandani, nami nikapandwa na hasira.

"Mwambie mama yako alichokufanyia!"

"Ukithubutu kumwambia," akasema, "mimi na wewe tusijuane tena."

Sasa anabeba mifuko kwenye ghala la saruji. Harusi za mtaa anapiga mtu mwingine. Flashi hurudi jioni akikohoa, vumbi hadi kwenye nyusi. Dawa za macho zimekatika, na mama siku hizi hupapasa ukuta kutafuta mlango. Inaniuma, sitaficha.

Jana niliwasikia tena.

"Hawajalipa tu?"

"Bado, mama."

"Majizi makubwa! Nipeleke mimi ofisini kwao. Labda yule mkaguzi hakunielewa. Nitawaeleza kazi yako upya, mmoja mmoja, mpaka iwaingie."

Nikasikia Flashi anavua viatu.

"Alikuelewa, mama," akasema. "Ulimweleza vizuri sana."