Mlango wa Nyuma, Upande wa Kulia

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi. Chumba ninachofanyia kazi kinatazama barabara ya kwenda uwanja wa ndege, kwa hiyo nguo nyingi ninazoletewa ni za watu wa huko: mashati meupe ya marubani, sketi za wahudumu, makoti ya wanaokaa kaunta. Mwaka ule, kabla redio haijasema lolote, niliona waya wangu wa kutundikia nguo unaanza kuwa na nafasi. Kwanza yalipungua mashati ya marubani. Halafu mafundi wakaja kuchukua ovaroli zao na hawakuleta nyingine. Nilipouliza, mmoja akacheka, akasema, "Mama, siku hizi nashinda nyumbani na kaptula. Haihitaji pasi."

Tangu hapo roho yangu ikawa juu, maana binti yangu wa kwanza anafanya kazi kampuni ileile ya ndege ya hao marubani na mafundi.

Nyumbani tunamwita Bosi. Alipewa jina hilo akiwa mtoto mdogo, kwa sababu wageni wakija yeye ndiye aliyewaonyesha pa kukaa, na asiyekaa alipoonyeshwa alisimamiwa mpaka ahame. Alipopata kazi ya uhudumu wa ndege hakuna aliyeshangaa. Mdogo wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisema, "Sasa amepata watu waliofungwa mikanda kabisa, hawawezi kumtoroka."

Mwaka ulianza na injini. Watengenezaji walisema kuna kifaa ndani kinatakiwa kukaguliwa upya, basi ndege kadhaa zikaegeshwa mwisho wa uwanja zikiwa zimezibwa matundu kama mtu anayeumwa masikio. Mafuta yakapanda. Marubani wakagoma, wakarudi, wakagoma tena. Katikati ya mwaka kampuni ikapata wenyewe wapya, na jambo la kwanza walilofanya ni kubadilisha rangi ya skafu za wahudumu. La pili ni kutangaza kwamba wafanyakazi watapunguzwa.

"Wamewavalisha skafu mpya ili wawatambue wa kufukuza," mdogo wangu akasema.

"Mama mdogo, leo sina nguvu ya kucheka," Bosi alimjibu, akaenda kuloweka miguu.

Ndege chache zilizobaki zilikimbizwa kama pikipiki za kukodi. Inatua, inafagiwa, inaruka. Abiria walikuwa wamelala sakafuni uwanjani wakisubiri, kwa hiyo walipanda na hasira zao zote, na wa kwanza kukutana naye alikuwa mtoto wangu mlangoni akisema karibu. Mmoja alimwambia, "Karibu gani hii, tangu juzi?" Hilo alinisimulia huku anatabasamu, lakini mimi namjua. Akitabasamu na mdomo tu, macho yakabaki palepale, ujue limemchoma.

Lazima nieleze habari ya milango, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyompata. Kila mlango wa ndege una mtelezo, yaani mpira mkubwa uliokunjwa pale chini yake. Ndege ikitaka kuondoka, mhudumu anashusha kishikio fulani, nao husema mlango umetegwa. Ukiufungua mlango uliotegwa, ule mpira unaruka nje na kujaa hewa kwa mpigo, ili watu wateleze waokoke. Ndege ikirudi salama, mlango lazima uteguliwe kwanza kwa kukiinua kishikio, ndipo ufunguliwe kama mlango mwingine wowote. Na sheria yao ni kwamba hakuna anayejiamini peke yake. Ukishategua wako, mwenzako wa mlango wa upande wa pili anavuka, anakitazama kishikio chako kwa macho yake, anasema "nimeona." Nawe unavuka kwake.

Bosi alipokuwa mafunzoni alifanya mazoezi na mlango wetu wa jikoni. Mdogo wangu akitaka chumvi alikuwa anagonga, anauliza, "Umetegua huko? Au nitarushwa hadi kwa jirani?"

Sasa mwaka ule wahudumu walipunguzwa kwa kila safari. Vyoo vya nyuma viko katikati ya milango miwili, na abiria waliochoka hawasubiri mtu. Ndege ikisimama tu, tayari foleni imejaa pale. Basi ile kuvuka ikaanza kuachwa. Mmoja alisema "tayari" kutoka upande wake, mwingine akaitikia "tayari" kutoka wake, wakaendelea. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ilianza siku moja ya haraka, ikawa mazoea, na karibu wote walifanya.

Mwenzake Bosi wa mlango wa nyuma alikuwa Pacha. Si ndugu yake. Walianza kazi siku moja na wana kimo kimoja, na mimi mwenyewe nikiwaona kwa nyuma wakiwa na sare huwa namwita asiye wangu. Pacha ana watoto wawili wadogo, na mumewe ndiye yule fundi wa kaptula.

Siku yenyewe ndege ilipakia abiria, ikasogea, milango ikategwa. Ikaambiwa irudi, wanaoongoza ndege wamegoma. Milango ikateguliwa. Wakakaa humo ndani na joto. Wakaambiwa mgomo umesitishwa, milango ikategwa tena, ndege ikasogea, halafu ikaitwa irudi mara ya pili. Safari hii abiria walisimama wote, na baba mmoja alikuwa amemwekea Bosi kidole usoni akitaka kushuka. Tangazo la kutegua likatoka. Bosi alikumbuka kabisa mkono wake ukiinua kishikio. Ulikuwa umekiinua kweli, lakini ni ile mara ya kwanza ndege iliporudi. Akasema "tayari." Pacha, nyuma ya ile foleni, akasema "tayari."

Nje gari la maji na vyakula lilikuwa linakuja upande wa kulia. Bosi akafungua mlango ili walete maji, abiria wapoe.

Mpira ukatoka kwa kishindo. Kijana wa gari alirukia pembeni, akapoteza kofia, hakupoteza kingine. Lakini ndege bila mtelezo haiwezi kuondoka na watu wote wale, na ilikuwa moja ya zile chache zilizobaki nzima. Safari ikafutwa. Yule baba aliyetaka kushuka akashuka, na wenzake wote wakashuka naye.

Bosi aliingia nyumbani mchana, saa ambayo huwa yuko angani. Hakunisalimu. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, nimefungua mlango."

"Mlango gani?"

"Uliotegwa."

Mdogo wangu alifungua mdomo, halafu akaufunga bila kutoa kitu. Sijamwona akifanya hivyo tena.

Bosi alisimamishwa kazi akisubiri kuitwa mbele ya kamati. Sikulala vizuri wala sikupiga pasi vizuri, hata kola ya rubani mmoja nikaiunguza. Kila mtu alijua kampuni inatafuta watu wa kupunguza. "Wao walikuwa wanatafuta," Bosi alisema, "mimi nikajipeleka mwenyewe na tarumbeta." Alipenda kazi ile kuliko anavyokubali kusema. Kibarua chake kikiota nyasi mwaka ule, hakuna kampuni ambayo ingemchukua mhudumu aliyeachishwa kwa kosa la mlango.

Halafu akapata habari mbaya zaidi. Pacha alikuwa ameshahojiwa. Alisema alivuka, akatazama, akaona mlango wa Bosi umeteguliwa.

"Sasa hiyo maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake baada ya yeye kutazama mimi niliutega tena, peke yangu, kama mtu aliyepandwa na wazimu."

"Si useme hakuvuka?"

"Nikisema hakuvuka, Pacha anaondoka. Wala si kwa mlango, ni kwa kudanganya kamati."

"Na usiposema?"

"Naondoka mimi."

Sitajifanya nilikuwa na mizani hapo. Mimi nilimzaa mmoja tu kati ya hao wawili.

Siku ya kabla ya kikao Pacha mwenyewe akaja. Alileta sketi mbili ambazo hazikuwa na hata mkunjo. Nikazipokea, nikazitandaza mezani kana kwamba zina kazi. Bosi alikuwa chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Watoto?"

"Hawajambo. Mama, nina ombi, na naomba usinikasirikie. Mwambie mwenzangu aseme tu kwamba alichoka. Mtu aliyechoka wanamwonea huruma. Yeye hana watoto, baba yao wale wangu yuko nyumbani, mimi nikitoka pale ndio tumekwisha."

"Kwa hiyo aliyezaa ndiye anayebaki?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Ulisema ulivuka."

Pasi ilikuwa imepata moto, nikaichomoa nisije nikaharibu na sketi zake.

"Mimi sikuwemo kwenye ndege," nikamwambia. "Nataka kujua tu. Uliposema tayari, ulikuwa unaona nini?"

"Niliona mgongo wa abiria. Mnene, shati la mistari. Nilisubiri asogee, hakusogea. Nikasema tayari." Akajifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. "Na mara ngapi nimesema hivyo, na yeye kasema hivyo, na haikutokea kitu."

"Basi hayo ndiyo uyaseme."

"Nimeshasema mengine, mama. Wameandika."

Nilidhani Bosi angetoka chumbani wakayamaliza. Hakutoka. Pacha akaondoka na sketi zake, na mimi nikaingia kwa binti yangu kwa kishindo, nikamwambia amesikia kwa masikio yake, kesho asimhurumie mtu. Akasema, "Mama, niache nifikirie. Ukinisukuma nitasema usichotaka." Nikamwacha. Kumwacha mtoto afikirie ni kazi nzito kuliko kumfikiria.

Yaliyosemwa kwenye kamati nayajua kwa kusimuliwa naye. Walikuwa watatu mezani, mmoja wao kutoka kwa wale wenyewe wapya, na mkuu wao wa wahudumu, anayeruka nao kila safari, alikaa pembeni. Wakamuuliza kama aliufungua mlango bila kuutegua. Akasema ndiyo, mkono ni wangu, hakuna mwingine. Wakamuuliza kama mwenzake alivuka kumkagua. Akasema, "Hapana. Na mimi sikuvuka kwake. Alisema tayari akitazama mgongo wa abiria, na mimi nikasema tayari nikitazama mwingine. Siku ile mlango wake ulikuwa salama na wangu haukuwa. Ingeweza kuwa kinyume."

"Mmekuwa mkifanya hivi tangu lini?" yule mpya akauliza.

"Tangu mlipotuacha wachache," akajibu. Kisha akamgeukia mkuu wao. "Na wewe dada umetusikia, kila safari."

Mkuu alipoulizwa akakubali.

Nilipomsikia akinisimulia jibu lile la "mlipotuacha" nilishika kichwa. Nikasema basi, yamekwisha, mtoto amejimaliza kwa ulimi. Kumbe ndilo lililomwokoa, au nusu yake. Waliwaita wahudumu wengine, mmoja mmoja, na wote wakasema yaleyale. Wangewafukuza wote, nani angesema karibu? Uamuzi ukawa hivi: Bosi na Pacha wapewe onyo la mwisho, warudi mafunzoni, wajaribiwe milango upya. Pacha akaongezewa kusimamishwa kwa yale maelezo yake ya kwanza. Mkuu akaondolewa kwenye safari, akapelekwa ofisini. Ikatoka amri kwamba hakuna abiria kusimama nyuma kabla milango haijakaguliwa. Waliopunguzwa mwaka ule walikuwa wengi, lakini hao wawili hawakuwemo.

Pacha aliacha kuniletea nguo. Nilikutana na mumewe njiani, akanisalimu vizuri na kusema ameitwa tena kazini, ndege mbili zimefunguliwa matundu.

Mwishoni mwa mwaka ratiba ikawapanga ndege moja, nyuma, kila mmoja mlango wake uleule. Bosi alivaa mapema mno siku ile. Mdogo wangu akamwambia, "Usijali, akikukasirikia sana mfungie chooni mpaka mtue." Bosi akacheka kidogo, na macho yalikuwemo.

Nilishinda nikitazama barabara. Aliporudi nilimpa kiti kabla hajavua viatu.

"Alikusalimu?"

"Hapana."

"Hata njia nzima?"

"Aliniambia nimpitishie maji ya moto. Nikampitishia."

"Na mlango?"

"Tuliposimama nilitegua wangu, nikabaki nimeshika ukuta. Kuna mama alitaka kwenda chooni, Pacha akamwambia akae. Akavuka. Akainama mpaka karibu na kishikio, Mama, kama anayetafuta sindano. Akasema 'nimeona.' Mimi nikavuka kwake, nikatazama, nikasema 'nimeona.'"

"Halafu?"

"Halafu tukafungua milango, watu wakashuka."

"Basi, hata kwaheri?"

"Hata kwaheri." Akainua mguu mmoja, akaanza kuuminya vidole. "Kesho kutwa tuko wote tena."

Nikamwambia avue sare nimpigie pasi.