Kanzu Nyeupe Kando ya Mke Wangu

Nimesoma chuo kikuu, lakini wivu haukuniuliza diploma. Tangu uasi ufunge barabara, dawa za picha ni adimu hapa Kisangani. Kwa hiyo niliposafisha nyumbani filamu ya arusi ya dada yangu, ile dawa ya mwisho, inayoondoa utando mweupe kwenye filamu, niliitia kwa ubahili.

Picha ya kwanza niliyochapa ilikuwa ya mke wangu. Kando yake alisimama mtu mrefu, mweupe, asiye na uso. Nikamtambua mara moja: jirani yetu Papa Saidi, mwenye kanzu safi na salamu ndefu kwa wake za watu.

Nikamwendea uani, majirani wote wakisikia.

"Papa Saidi, unafanya nini kando ya bibi yangu?"

"Mimi? Siku ya arusi nililala na homa, Papa Albert. Dawa ya kinini uliniletea weye mwenyewe."

Mke wangu akaitoa filamu kwenye kamba ya nguo, akaiinua juani na kuikagua yote, taratibu.

"Bon," akasema. "Huyu bwana wako wa utando iko pia kando ya mama yako. Iko kando ya padri. Na hapa, Papa Albert, iko kando ya mbuzi."