Mama Jua na Siku Nne za Ukungu

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Jua, na msidhani ni kwa sababu ya tabasamu, maana mama yule tabasamu alikuwa analitoa kwa kipimo. Aliitwa hivyo kwa sababu ya jua lenyewe. Mashine mbili za kukaushia ziliharibika zamani, wauguzi waliozikuta nzima wamekwisha kustaafu, na kila siku wodi zilishusha shuka mia mbili na ushei, zenye damu, zenye dawa, zenye kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu. Zifuliwe, zianikwe, zikauke, zirudi juu kabla ya jioni. Sasa ni msimu wa mvua, mbingu imenuna, utafanyaje? Unavizia. Jua likichungulia hata dakika kumi, Mama Jua anapiga ukelele: "Jua hilo!" Hapo hakuna mjadala. Anayekula anaacha kijiko, anayepiga umbea anaumeza, aliye chooni shauri yake. Wote mbio uwanjani na mabeseni.

Miaka ishirini na saba ya kazi hiyo! Kitu ukikifanya miaka yote hiyo hakikai tena kichwani, kinahamia mikononi. Siku ya harusi ya binti yake, bwana harusi kishafika mlangoni, jua likatoka baada ya mvua ya asubuhi. Mama wa bibi harusi hayupo. Kumbe yuko nyuma ya nyumba, kajifunga taulo juu ya gauni la sherehe, anaanika mapazia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mumewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mumewe alikuwa fundi saa. Mtu mpole, maneno machache, utani mwingi, amekaa maisha yake yote nyuma ya kimeza kidogo kwenye korido ya duka la vitambaa, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Wote walimwita Fundi, hata mkewe. Basi hayo macho ndiyo yaliyomgeuka. Kwanza akawa anajigonga kwenye milango, analaumu milango. Kisha akaanza kudondosha skrubu na kuzitafuta kwa vidole, mpaka siku moja mteja akainama akamwokotea, na Fundi akafunga kimeza mapema.

Daktari wa macho hakuzunguka. "Mzee, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hii ni presha ya macho. Imeshakula pembeni zote, imekuachia katundu ka katikati, nako kanaziba. Dawa itachelewesha tu. Kama kuna kitu unataka kukiona, kakione mwaka huu."

Walitoka pale. Walipofika kwenye kona ya barabara ndipo Mama Jua alipouliza, "Unataka kuona nini, Fundi?"

Fundi hata hakufikiri. "Lile bonde."

Mama Jua alilijua bonde hilo vizuri, ingawa hajawahi kuliona. Fundi alipokuwa bado anajifunza kazi, alitumwa mlimani kutengeneza saa ya ukutani ya hoteli moja kubwa. Alipomaliza akatoka kwenye roshani kunyoosha mgongo, na hapo chini yake akaona dunia imetandazwa: mashamba, mto umejikunja mara tatu, na mwisho kabisa ziwa linameta. Alisimama mpaka meneja akaja kumfukuza. Walipooana alimwambia mkewe, "Siku moja nitakuonyesha." Mwaka huu karo, mwaka ule paa, mwaka mwingine msiba. Siku moja ikawa miaka thelathini. Kwa hiyo Mama Jua alipostaafu mwaka huo huo, na wenzake wa chumba cha kufulia wakamuuliza wampe zawadi gani, sufuria au kabati, alisema hataki sufuria wala kabati. Anataka siku nne kwenye hoteli ile ya mlimani, chumba cha juu kabisa, chenye roshani ya kutazama bondeni. Wakajikusanya wakampa.

Ukungu uliwapokea nusu ya njia. Basi likawa linapanda kwa kupapasa, taa zimewashwa mchana kweupe. Walipoingia hotelini, kitu cha kwanza alichokitafuta Fundi ni saa yake. Aliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Imesimama saa kumi na dakika kumi, na buibui wamehamia ndani.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," kijana wa mapokezi akasema, tai imemkaba shingo.

"Marahaba. Huu ukungu vipi?"

"Ah, huu wa leo tu, mama! Kesho mtaona mpaka kwenu."

Jamani, kuna watu wanasema uongo kwa upole mpaka unawashukuru. Karatasi ya matangazo ilionyesha bwawa la buluu na watu wanacheka. Bwawa lilikuwepo kweli, kavu, lina majani na chura mmoja. Dirisha la chumba halikufunga. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Vitanda vilikuwa viwili, na Mama Jua hakugusa begi wala kiti, alikwenda moja kwa moja kwenye shuka, akainua pindo, akanusa.

"Ebo! Fundi, njoo unuse. Hii haijaona jua tangu ishonwe."

"Mke wangu, tumekuja kutazama bonde. Hatukuja kukagua shuka."

"Sabuni haijasuuzwa. Na hili doa la katikati ni la chai, tena chai ya mwaka jana."

"Basi tutalala na chai," akasema Fundi, akatoka kwenye roshani. Mbele yake kulikuwa na weupe mtupu.

Siku ya pili, ukungu. Siku ya tatu, ukungu. Kila asubuhi Fundi alikiweka kiti chake pale pale kwenye roshani, akajifunika blanketi, akaanza kutazama. Na kutazama kwake ilikuwa kazi. Ilibidi ageuze kichwa kidogo kidogo, huku na huku, kama kuku, ili kale katundu kapite kila mahali. Mkewe akimwambia, "Ingia ndani, utapata nimonia," anajibu, "Nikiingia halafu ukafunguka?" Blanketi lilikuwa na unyevu, shuka zina unyevu, na kifua chake kikaanza kukoroma. Siku hiyo ya tatu wakati wa chai alimimina chai yote pembeni ya kikombe, taratibu, kwa uangalifu mkubwa, akaweka birika chini na kunyanyua kikombe kitupu mdomoni. Mama Jua alifuta meza, akaingia bafuni, akafungua bomba ili kilio chake kisisikike. Bomba lenyewe halina maji. Ikabidi alie kimya kimya, taulo mdomoni.

Siku ya nne ndiyo ya kuondoka, basi lao saa sita mchana. Mama Jua aliamka kumepambazuka, akachungulia nje: ukungu umeziba kila kitu. Moyo ukamfa kabisa. Miaka thelathini ya siku moja, siku moja, halafu hivi! Fundi alikuwa amekohoa sana na sasa ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Hapo bomba nalo, kwa kejeli yake, likaanza kutoa maji. Mtu akikata tamaa mikono yake inatafuta kazi inayoijua, basi Mama Jua alitandua shuka za kitanda chake, akatoa na zile za akiba kabatini, akazitia kwenye beseni la kuogea, akapiga magoti. Alizifua kwa hasira. Alifua uongo wa kijana wa mapokezi, akafua maneno ya daktari, akalifua lile doa la chai mpaka likasalimu amri. Alisuuza mara tatu, akakamua.

Mara ukuta wa bafu ukabadilika rangi. Mstari wa njano ukapita juu ya vigae, ukamgusa kwenye mkono, na mstari wenyewe ulikuwa na joto.

"Jua hilo!" akasema, kwa sauti ya chini asimwamshe Fundi.

Na mikono ikashika kazi. Haikumuuliza. Kamba na vibanio vilikuwemo kwenye begi lake, dobi hasafiri bila kamba. Akatoka kwenye roshani, akafunga nguzo hii, akafunga nguzo ile, akatandaza shuka mbili pana, pindo kwa pindo, akazivuta mpaka zikanyooka, bila mwanya hata wa kidole. Alitazama juu, kama alivyotazama juu kila siku ya kazi yake: upepo unatoka wapi, mawingu yako mbali kiasi gani. Akapima, saa nzima hivi. Kamba ikawa imejaa, na beseni bado lina shuka mbili. Akalibeba, akashuka ngazi kwa ncha za vidole, akaenda uwanja wa nyuma kutafuta kamba nyingine.

Huko alimkuta dada mfuaji wa hoteli, anakamua shuka kama anayebembeleza mtoto. "Hapana, mwanangu, hivyo zitaoza. Lete hapa." Akamwonyesha kukamua kwa watu wawili, akamwonyesha kusuuza, akamgombeza, wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, Mama Jua alicheka. Jua lilikuwa mgongoni, shuka zinapiga makofi kwenye kamba, hapakuwa na presha ya macho duniani. Ikapita karibu saa nzima.

Kisha mhudumu wa mezani akatoka jikoni na trei ya vikombe. "Mama, mna bahati nyie! Siku kumi na moja hatujaona hivi. Hata ziwa limeonekana. Mzee amefurahi?"

Beseni likamtoka mikononi.

Alizipanda ngazi zile kama mwizi anayefukuzwa, magoti yanamlilia, mkono umeng'ang'ania ukuta. Kila ghorofa ilikuwa na kidirisha. Cha kwanza kilikuwa na jua. Cha pili kilikuwa kijivu. Cha tatu kilikuwa cheupe, na hapo akaanza kusema kwa sauti, "Hapana, hapana, ngoja kidogo, ngoja," haijulikani anamwambia nani.

Kitanda cha Fundi kilikuwa kitupu. Fundi mwenyewe alikuwa kwenye roshani, kakaa kwenye kiti chake, kanawa uso, kavaa shati safi na kofia, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mbele yake, hatua mbili, zilining'inia shuka mbili nyeupe pe, hazina doa.

"Ni wewe, mke wangu? Njoo ukae. Leo ukungu umekuwa mweupe kuliko siku zote. Tena ulikuwa na joto, nikasema huu sasa utafunguka tu. Nimeukodolea macho mpaka machozi yananitoka."

Mama Jua alizirukia zile shuka. Vibanio viliruka huku na huku, kamba ikakatika, shuka zikaanguka miguuni pake. Nyuma ya shuka kulikuwa na ukungu mzito, umeshafika kwenye nguzo za roshani, unapanda.

"Kuna nini?" Fundi akauliza.

"Naanua nguo."

"Ulikuwa wapi kwani?"

"Chini. Uwanjani."

Fundi akauliza taratibu, "Na huko chini hukuona chochote? Hata kidogo? Ungenisimulia."

Hapo ndipo alipotamani ardhi immeze. Maana angeweza kumsimulia. Alikuwa amesimama kwenye roshani ile ile, bonde zima liko wazi mbele yake, mto uko pale, ziwa liko pale, na yeye ametazama juu. Alikipekua kichwa chake akitafuta angalau kona moja ya mto, akakuta upepo na jua na mawingu ya mbali. Hakuna kingine.

"Sikuona," akasema. Ilikuwa kweli tupu.

Walipokuwa wanarudisha ufunguo, yule mhudumu alipita akaanza, "Mzee, si mmeona…" na Mama Jua akamtupia jicho ambalo lilimfanya ameze maneno yaliyobaki. Ndani ya basi Fundi alilala begani kwake. Yeye hakulala. Mikono aliikalia.

Katundu kaliziba kabla ya mwaka kwisha, kama daktari alivyosema. Siku hizi Fundi anakaa sebuleni, na majirani wakija kumjulia hali humuuliza za mlimani, wapate kumchangamsha. Naye huwapa, kwa ule utani wake.

"Siku nne, ukungu mtupu! Wa siku ya kwanza ulinuka moshi wa basi. Wa pili ulinuka uvundo wa blanketi. Wa tatu sikuunusa, mafua. Lakini wa siku ya nne, jamani, huo ulikuwa unanukia sabuni."

Majirani wanaangua kicheko, huyu Fundi naye! Mama Jua hunyanyuka, akapitia jikoni, akatoka uani. Jua linawaka. Beseni la nguo zilizofuliwa liko pale tangu asubuhi, zimekamuliwa, na kamba iko tupu. Huvuta kigoda akakaa kando ya beseni, akazitazama nguo, na mikono yake imelala mapajani.