Tulimuomba Mungu afungue mpaka, kumbe mume wangu alijua uko wazi

Admin, amahoro. Ficha jina langu na la kanisa letu, maana hapa Rumonge tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nauza mawese sokoni, nimeokoka tangu tukiwa wakimbizi kambini Tanzania. Shule niliishia darasa la sita, nikikosea kuandika munivumilie. Leo naandika na hasira na sitaki kuificha. Nimeipeleka kwa magoti, inarudi.

Sisi tuliporudi Burundi, binti yangu wa kwanza, hapa tumuite Neema, alibaki ng'ambo, ameolewa kule Kasulu. Ule mwaka wa corona, karibu na Noeli, akazaa mutoto wake wa kwanza. Warundi wenzangu munajua maana yake. Binti akizaa, mama yake anaenda kumuhemba: anabeba unga wa uji, mafuta, samaki ndagala kavu, anaogesha mutoto, binti anapumzika. Na kwetu, nguo ya kumubeba mutoto wa kwanza mgongoni inatoka kwa bibi mzaa mama. Nisipoipeleka, ni kama nimesema huyo mutoto simujui. Nikanunua kitenge cha njano, nikakipiga pindo kwa mkono wangu, nikafunga kikapu.

Sasa mpaka. Munakumbuka ilivyokuwa. Asubuhi unasikia umefungwa, yanapita makamiyo ya mizigo tu. Jioni mutu anatoka Mabanda anasema watu wanapita, bora uwe na karatasi ya tesi, kwamba umepimwa huna corona. Mwingine anasema hata na tesi, ukirudi wanakuweka karantini kwenye hoteli, na hoteli unalipa wewe. Sokoni kila muuza ndizi alikuwa na sheria yake. Nikasema wacha nimusikilize mume wangu. Yeye ni mzee wa kanisa, na binamu yake ni shofere wa kamiyo, anavuka pale mpakani Mugina kila wakati. Huyo ndiye anajua ukweli.

Mume wangu akimaliza kuongea naye kwenye simu, ananiambia bado. Wameongeza masharti, anasema. Ukivuka watakufungia kule, ukirudi watakufungia huku, Bonane, mwaka mpya wote, utaisherehekea dirishani. Na kila asubuhi tunapiga magoti, ananishika mkono, anaomba mpaka machozi yanatoka: Bwana, fungua njia, mtumishi wako amuone mjukuu wake. Mimi naitika amina.

Bonane ikafika. Wageni wa kanisa wakajaa kwetu, nikapika, nikasugua masufuria nikilia. Nikamupigia Neema nikamueleza ile habari ya karantini. Akasema, "Ni sawa, mama. Chunga afya yako."

Nikadhani ananihurumia. Kumbe tangu siku ile binti yangu ananiongelea kama mutu anaongea na jirani. Shikamoo, muko salama, basi. Mutoto akiugua anamuita mama mukwe wake. Miaka yote hii mimi nilisema ni umbali tu.

Juzi huyo binamu shofere amekuja kutusalimia. Nimemupikia ugali na samaki, mukeke wa kuchoma. Alipoona tumbo limejaa akaanza kunitania.

"Shemeji, weye ni mwoga sana. Ile Bonane ya corona si nilikuwekea nafasi mbele, karibu na mimi? Karantini walikuwa wameshaiondoa, ni tesi tu na unapita. Mzee akaniambia corona inakutisha, hutaki kwenda. Na mimi nikamufikishia Neema hivyo hivyo."

Mume wangu akawa anaangalia sahani. Nikamuuliza hapo hapo kama ni kweli. Akainuka kumusindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi. Ndipo akasema, "Ungeenda ungekaa mwezi mzima. Wale wageni wa kanisa nani angewapikia?"

Basi ni hiyo. Si ugonjwa, si serikali. Ni sufuria. Na mimi nilikuwa nawalaani watu wa mpaka, watu wa Mungu wasio na kosa, kila nikiona kile kikapu.

Uongo peke yake ningeusamehe, hakuna ndoa isiyouonja. Lakini huyu alimuingiza Mungu katikati. Alifunga macho mbele yangu akaomba mlango ufunguliwe, na yeye ndiye aliukalia ufunguo. Amina zangu zote zile zilienda wapi?

Nimemwambia ampigie binti yake aseme ukweli. Hataki. Anasema mama anasamehewa upesi, lakini jina la baba likivunjika kwa mutoto haliungiki tena. Anasema tena hayo yamepita, corona yenyewe imeisha. Nikimwambia Neema mimi mwenyewe, ataona natafuta pa kujifichia, maana amekua akijua baba yake, mzee wa kanisa, hasemi uongo.

Sasa Bonane hii Neema anakuja na mutoto. Na Jumapili ya Bonane hiyo kanisa linamushukuru Mungu kwa miaka mingi ya ndoa yetu, muchungaji anasema sisi ni mufano kwa vijana. Nimepangwa kutoa ushuhuda wa mume mwema. Mume wangu ameshanipelekea nguo kwa fundi, anatembea akiimba wimbo tutakaoingia nao kanisani siku hiyo. Neema atakaa benchi ya mbele.

Kitenge bado ninacho. Njano imefifia kwenye mikunjo. Mjukuu mwenyewe sasa anakimbia, habebeki tena.

Nikisema anayotaka niseme, nitakuwa nimedanganya ndani ya nyumba ya Mungu, tutakuwa wawili. Nikisema ukweli, nimemuvua mume wangu nguo mbele ya kanisa zima, na binti yetu akiangalia. Wazazi wenzangu, hasa nyinyi munaoomba, nishaurini: wakinipa mikro nitoe ushuhuda, niseme nini?