Kijana Wangu Anamhurumia Mwendesha Baiskeli wa Kwenye Simu, Huku Akimwita Baba Yake Mvivu

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala la kijana wangu. Kamina si mji mkubwa. Nina miaka hamsini na mbili, nauza unga sokoni na kuimba kwaya kanisani. Kijana wangu wa pekee anaoa baada ya Pasaka, na badala ya kupiga vigelegele mimi nalia hata nikisonga bukari. Naombeni mnisome hadi mwisho, msinicheke.

Nilipoolewa vita vilikuwa vimeshafika kwetu. Treni iliacha kuja, na samaki wa ziwani Kinkondja walifika Kamina kwa baiskeli tu, au kinga kama tunavyoziita. Vijana walifunga mizigo ya samaki wakavu mirefu kuliko wao wenyewe, na penye mchanga walishuka wakasukuma. Kaka yangu mkubwa alikuwa na timu yake. Baiskeli zilikuwa zake, samaki wake, na yeye ndiye aliyepanga nani aondoke lini. Mume wangu, nimwite Ngoy, alikuwa anawaacha wenzake wote nyuma. Sheria ya timu ilikuwa moja: anayefika wa kwanza ndiye anayerudi njiani wa kwanza. Kaka aliiona kuwa heshima, na vijana waliigombea kweli. Hakuna aliyefikiri kwamba kwa sheria hiyo mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote.

Mimi niliona, maana nilikuwa namkanda miguu. Mwanzoni kila safari ilimwongezea nguvu, akarudi anacheka, anakula sahani mbili. Baadaye akawa anarudi hataki chakula. Analala lakini usingizi haumshiki, na akishika kikombe chai inamwagika. Nikamfuata kaka yangu, yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa. “Yaya, ule muntu anachoka. Umuache apumuzike kidogo.” Akanijibu bila hata kuniangalia, “Weye unajua nini? Miguu ikipumuzika inasahabu njia. Bamama habajue kazi ya barabara.” Ngoy mwenyewe akaniambia ninamwaibisha. Asubuhi yake akaondoka tena wa kwanza.

Safari hiyo hakufika. Alilaza baiskeli kando ya njia, akakaa chini, mvua ikanyesha juu ya samaki hadi wakaoza. Wenzake walimkuta macho wazi, anasema, “Siwezi tena.” Si malaria, si askari, hata kidonda hakuwa nacho. Laiti angekuwa na kidonda! Kaka alimtukana sokoni mbele ya watu wote, akamwita muvivu. Familia ikakaa, ikasema mwanamume anayelala njiani wakati wa vita hawezi kulisha mke. Nilichukuliwa nikarudishwa kwetu na mimba ya miezi mitano, huku nalia. Ngoy akarudi kwao Kinkondja. Sikuolewa tena.

Kaka alimlea mwanangu, nisimnyime haki yake. Vita vyote hivyo hatukulala njaa. Lakini mtoto alikua akisikia neno moja tu juu ya baba yake, na sasa analisema mwenyewe. Akiamka mapema kwenda kazini utamsikia: “Minyi siko kama papa,” yaani yeye si kama baba yake. Moyo wangu unachanika, naendelea kupima unga.

Sasa sikilizeni. Huyu kijana ana mchezo kwenye simu. Yeye ni mkuu wa timu ya mbio za baiskeli, anapanga nani akimbie na nani abaki. Juzi alikuwa ameketi karibu yangu, nikamwona anamtoa yule wa kwake anayeongoza. Nikamuuliza, mbona unamtoa mshindi? Akanieleza kwa upole, kama anamsemea ndugu yake: “Mama, huyu iko na forme, nguvu ya miguu. Akikimbia, forme inapanda, lakini fatigue, kuchoka kwake, nayo inapanda. Angalia, yake imekuwa nyekundu. Forme bila repos, bila kupumuzika, haimusaidie kitu. Nikimutuma kesho atavunjika, na kurudi kama zamani itakuwa kazi ngumu. Si kosa yake, mama. Ni kosa ya mwenye kumutuma.”

Niliacha kuchambua maharagwe. Nikamwambia, “Na papa yako, repos yake nani alimupatia?” Nikamweleza yote, miguu, chai, usingizi. Aliacha kucheza, kidole kiko juu ya simu. Nikadhani amenielewa. Kisha akasema, “Mama, hii ni mchezo tu,” akatoka nje. Sijawahi kuumia namna hiyo, hata siku ile waliyonichukua.

Ngoy amesikia habari za harusi. Hadai mali, hadai sifa. Anaomba tu akae mahali pa baba siku mwanawe anapooa. Kaka, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, amesema, “Minyi njo nililea huyu mutoto. Muvivu hawezi ikala ku kiti ya baba.” Kijana wangu hakumpinga. Jumapili familia inakaa kuamua, na mimi peke yangu ndiye niliyeona kilichompata yule mtu. Nikisimama kusema, namvua nguo kaka yangu mbele ya watu wanaomheshimu, naye ameshaniambia nikifanya hivyo nisimwite yaya tena. Nikinyamaza, Ngoy ataitwa mvivu mara ya pili, na safari hii mbele ya mwanawe.

Nimetuma mtu amwambie asubiri kwanza. Jibu limekuja leo: ameshatoka Kinkondja, na anakuja kwa kinga, baiskeli kama zamani. Ameacha maneno, “Mumuambie mutoto nakuya pole pole. Mara hii nitapumuzika mu njia.”

Ndugu zangu, yuko njiani. Niambieni la kufanya kabla hajafika.