Jinsi ya Kukimbia na Bado Ushinde

Harufu ya petroli ikinifikia, hata leo, hata nikiwa barabarani na haraka zangu, mwili husisimka kabla akili haijajua sababu. Ni harufu ya jenereta ya baba mdogo, iliyokuwa ikinguruma uani kwetu Kimemi, mtaa wa Butembo, kila Jumapili baada ya misa, karibu na turubai tulipoanika kahawa. Butembo haikuwa na umeme, ila ilikuwa na wafanyabiashara, na baba mdogo alikuwa mmoja wao. Nchi ilikuwa imegawanyika vipande, waasi ndio waliokuwa serikali yetu, lakini yeye alipata njia ya kufika Dubai na kurudi na vitenge, matairi na kompyuta mbili zilizokwisha kutumika. Zilikuwa za kuuza. Ndani yake mtu fulani, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa ameacha mchezo wa vita vya wafalme wa zamani wa Ulaya. Baba mdogo aliziunganisha kwa waya ili ahakikishe kwamba zinafanya kazi, na tangu Jumapili hiyo mimi Kavira, binti niliyekuwa bado nafokewa kwa kuunguza maharage, nikawa jenerali.

Wageni wakisikia kisa hiki huniuliza iweje nje kulikuwa na vita na sisi tukacheza vita. Jibu ni rahisi. Vile vya nje hakuna aliyetuuliza maoni. Hivi vya ndani vilitusikiliza. Ulipewa wanakijiji wachache, nyumba moja kubwa yenye kengele, na ardhi tupu iliyofunikwa giza mpaka umtume mtu akaitazame. Yaliyobaki yalikuwa juu yako, na niliyapenda yote. Nilijifunza kwamba mtu hulima kabla hajaunda askari, maana askari hula hata akiwa amekaa bure. Nilijifunza kuwapandisha wapiga mishale kilimani na kutowatuma farasi msituni, ambako huchanganyikiwa kabisa. Nilijifunza kutotumia mbao zote, hata zikiwa nyingi. Kila fundisho nililipata kwa kupigwa, na kila nilipopigwa nilitaka kuanza tena papo hapo, huku baba mdogo akilalamika kwamba petroli haidondoki kutoka mbinguni.

Aliyenipiga mara nyingi zaidi ni Kasereka, mtoto wa baba mkubwa wa Beni, aliyeletwa kwetu kwa likizo ndefu. Kasereka alicheza kama alivyokula, haraka na bila kuangalia pembeni. Kwake kulima kulikuwa kupoteza muda. Aliunda askari, akaunda askari, kisha akawatuma wote kwa mkupuo, na kabla sijavuna hata ngano yangu ya kwanza walikuwa mlangoni wakipiga tarumbeta. Alinichukiza sana, na nilikaa nikiingoja Jumapili kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba ile.

Likizo ilipokaribia kwisha, mnunuzi alipatikana wa kompyuta moja. Nyingine, baba mdogo aliamua, itabaki katika ukoo. Lakini ibaki nyumba gani? Alituita, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema kama hakimu:

"Mwenye atashinda siku ya mungu inakuya, mashini itabakia kwabo. Na mimi sipendi kusikia kilio."

Wiki hiyo ya kuingoja Jumapili sikulala vizuri. Kompyuta ingeenda Beni, ningeiona Krismasi tu, tena kama barabara ingekuwa salama, na mwaka ule salama lilikuwa neno la kusema polepole. Nilichora ardhi ya mchezo kwa kijiti kwenye vumbi la ua. Mama alipita juu ya ufalme wangu na ndoo, akaufuta, nikauchora upya.

Jumapili ikafika. Watoto wa majirani walijaa mpaka dirishani. Nililima vizuri, nikajenga vizuri, nikaweka wapiga mishale kilimani, nikawa na fahari. Ndipo tarumbeta ya Kasereka ikalia na kioo cha kompyuta kikajaa askari wekundu, wengi kuliko nilivyowahi kuona. Kila mchezaji alijua la kufanya: unapiga kengele, wanakijiji wote wanaingia katika nyumba kubwa, mnapigana humo mpaka mwisho. Mkono wangu haukugusa kengele. Uliwakusanya watu wote, wakulima, wakata miti, hata yule aliyekuwa akichunga kondoo, ukawatuma msituni, upande wa pili wa ziwa.

Sikufikiri. Miezi michache kabla, risasi zilipoanza kulia mjini, mama alikuwa amefanya hivyo hivyo. Hakufunga hata mlango. Alitushika mikono, akabeba kifurushi kilichokuwa kimefungwa tayari nyuma ya mlango, tukapanda milimani upande wa Lubero hadi kwa bibi. Nilidhani ndani mna nguo zetu nzuri. Mlikuwa na jembe lisilo na mpini, chumvi, sufuria, na mbegu za maharage. Nililia kwa ajili ya gauni langu la komunyo. Siku iliyofuata mama alikuwa tayari shambani akipanda.

"Kavira, batu yako banakimbia," Kasereka alisema, akicheka.

"Acha bakimbie."

"Vita hapana ya kukimbia." Askari wake waliingia katika mji wangu, wakachoma nyumba moja baada ya nyingine. Wapiga mishale wangu walianguka kilimani. Nyumba yenye kengele ilipobomoka, Kasereka aliinuka na kuwageukia watoto wa dirishani. "Donc, basi, nimeshinda. Mashini inaenda Beni."

Lakini mimi nilikuwa nikitazama kioo, nacho kilikuwa bado hakijaandika jina la mshindi.

"Mashini haiyasema," nilimwambia. "Kaa."

Mchezo ule haukumtangaza mshindi mpaka mtu wa mwisho wa upande mmoja apotee, na wanakijiji wangu walikuwa hai wote, ng'ambo ya ziwa, gizani. Zile mbao nilizokuwa nimeziacha bila kutumia zilitosha nyumba moja na shamba. Kasereka aligawa jeshi lake makundi madogo ili kuwasaka, farasi wakapotelea msituni kama nilivyotarajia, na kwa kuwa hakuwa amelima, hakuweza kuunda wengine. Mimi nililima. Lo, nililima kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilipotoka msituni na askari wapya, makundi yake yakiwa yameisha moja moja, sikuenda hata kwenye mji wangu ulioungua. Nilikwenda moja kwa moja kwake, ambako hakukuwa na mlinzi hata mmoja. Jina langu lilipotokea kwenye kioo, baba mdogo mwenyewe alipiga makofi, na Kasereka akatoka nje akakaa karibu na jenereta ili mngurumo umfiche akilia.

Kompyuta ile ilikufa zamani. Leo nauza vitenge, na wanangu wanacheza vita kwenye simu bila harufu yoyote. Huwapa mashauri yangu nao hunijibu kwamba michezo imebadilika. Huenda. Kilichonishangaza ni upande wa Beni, ambako niliamini tukikua kutatulia. Hakujatulia. Asubuhi moja, mvua ikinyesha, Kasereka alisimama langoni kwangu na mkewe na watoto, matope hadi magotini. Kichwani alikuwa na kifurushi, na ncha ya jembe ilikuwa imetoboa kitambaa.

"Nyumba baliunguza," alisema. "Yote. Tumeisha, Kavira."

Niliwahesabu watoto wake kwa macho, mmoja mmoja. Walikuwapo wote.

"Mashini haiyasema," nilimwambia. "Ingia."