Daftari la Bibi Garbutt

Winifred Garbutt, fundi cherehani mstaafu, alitunza madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa letu huku Yorkshire, Uingereza, kwa miaka kumi na tisa. Kila miezi mitatu alipanda ngazi, akapiga picha kipande kimoja kimoja na kuandika kila ufa daftarini.

Dhoruba ilipovunja dirisha la mashariki, mkaguzi wa bima alitazama vipande sakafuni akasema, "Bibi, hili lilishachakaa. Bima hailipi uzembe. Wekeni kioo cheupe tu."

"Uzembe wa nani, mwanangu?" Winifred akamsukumia daftari kifuani. "Soma! Nionyeshe ufa nisioujua."

Mkaguzi akacheka. "Tuna wataalamu wetu, Bibi."

"Basi walete. Na asiguse mtu kipande hata kimoja mpaka wafike."

Siku tatu alishinda pale kanisani, koti mwilini, akilinda vile vipande. Wataalamu walipokuja walivilinganisha na picha, wakakiri kwamba dirisha lilikuwa imara mpaka siku ya dhoruba. Bima ikakubali kulipa.

Fundi wa vioo aliyeletwa kulitengeneza upya alipoulizia uso wa malaika wa dirisha hilo, uliosagika, Winifred alimkabidhi picha.

"Hivi hivi," alisema. "Na hiyo pua iliyopinda, usithubutu kuinyoosha."